Kundi la WhatsApp la Wazazi wa Watoto Wenye Sikoseli: Namna ya Kuliunda na Kuliendesha

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi, walezi na wauguzi wanaotaka kuunda kundi la WhatsApp la kusaidiana kwa familia zenye watoto wanaoishi na sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoitwa pia selimundu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Dodoma, na kundi ninalolisimamia lina wazazi wa mjini pamoja na wa Bahi, Kongwa, Chemba na Manyoni, ambao wengi wao huonana ana kwa ana siku za kliniki tu. Mzazi wa Manyoni yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma mjini. Mtoto wake anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, mtu pekee anayeelewa kinachoendelea huenda akawa mama mwenzake aliyeko Nkuhungu hapa mjini, simu ikiwa mkononi. Urafiki huo ni wa kweli na ukipangwa vizuri huokoa maisha, lakini usipopangwa, mashauriano ya kwenye simu humchelewesha mtoto nyumbani wakati alipaswa kuwa njiani kwenda hospitali.

Hatua ya kwanza: Andikeni kazi ya kundi

Kabla ya kumwingiza mtu yeyote, wasimamizi wakubaliane juu ya kazi ya kundi na kuiandika mahali pa maelezo, ili kila anayejiunga aisome. Sisi tuliandika hivi: "Kundi hili linamsaidia mzazi kumfikisha mtoto hospitali mapema na kutobaki peke yake, halitoi tiba." Karibu kila jambo nitakaloeleza hapa chini linatokana na maneno hayo. Wasimamizi wawe watatu au wanne, mmoja wao awe muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mmoja awe mzazi anayeishi kijijini, kwa sababu sisi wa mjini ni wepesi wa kusahau kwamba kule usafiri wa usiku ni bodaboda ya mtu unayemfahamu, au hakuna kabisa.

Hatua ya pili: Ombeni idhini, kisha lindeni siri

Mwanachama aingie kwa kuombwa na kukubali, asiingizwe kwa sababu tu namba yake imo katika daftari la kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mtoto hana uwezo wa kujisemea kuhusu picha yake iliyosambazwa. Katika mipangilio ya kundi, wekeni kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoongeza watu, na washeni ujumbe unaojifuta baada ya muda. Katazeni picha za watoto wakiwa wamelazwa, picha za kadi za kliniki na picha za sare za shule.

Siri hii ina sababu nzito kuliko sheria. Katika vijiji vingi mama bado ndiye anayelaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto, na wapo walioachwa na waume zao au kushukiwa mambo ya ushirikina. Wasimamizi warudie mara kwa mara, kwa lugha rahisi, kwamba mtoto hurithi ugonjwa huu kutoka kwa baba na mama kwa pamoja: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa kinasaba cha sikoseli, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, bila kujali waliomtangulia wamezaliwa vipi. Akina baba wakaribishwe kwa makusudi. Baba anayeusoma ujumbe huo kutoka kwa baba mwenzake huusikia tofauti na anaposikia kutoka kwa mke wake.

Hatua ya tatu: Kila familia iwe na maelezo ya dharura

Mzazi aandike mara moja, akiwa ametulia, ujumbe mfupi wenye umri na uzito wa mtoto, kundi lake la damu, kiwango chake cha kawaida cha wingi wa damu, dawa anazotumia kila siku, dawa zinazomdhuru, hospitali iliyo karibu na namba ya mtu mwenye chombo cha usafiri. Ujumbe huo usiwekwe ndani ya kundi. Ubaki kwenye simu ya mzazi, ya ndugu mmoja anayeaminika na ya msimamizi wa zamu. Kiwango cha kawaida cha damu kina umuhimu wa pekee, kwa kuwa watoto wengi wenye sikoseli huishi na damu iliyo chini kuliko ya watoto wengine, na daktari asiyemfahamu mtoto anahitaji kujua damu imeshuka kutoka kiwango gani.

Hatua ya nne: Kubalianeni dalili zisizojadiliwa

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa isomwe mara mbili. Zipo dalili ambazo mwanachama akiziandika, kundi zima lina jibu moja: mpelekeni hospitali sasa hivi. Ya kwanza ni homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kwa mtoto mwenye sikoseli bandama huharibika mapema na kushindwa kupambana na bakteria, hivyo maambukizi yanaweza kumzidi mtoto ndani ya saa chache. Huku kwetu homa huchukuliwa upesi kuwa malaria, na wazazi hununua dawa dukani na kusubiri asubuhi. Kipimo cha malaria ni lazima kifanyike, lakini hata kikionyesha malaria, mtoto huyu bado anahitaji kuonwa na daktari. Kwa hiyo kipimajoto ndicho kifaa cha kwanza ambacho kila nyumba ya kundi inapaswa kuwa nacho.

Dalili nyingine ni maumivu ya kifua au kupumua kwa shida; weupe wa ghafla wa viganja, midomo na ndani ya kope; tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako bandama hukusanya damu kwa kasi; udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, au mtoto kushindwa ghafla kuzungumza; kichwa kuuma kwa namna isiyo ya kawaida; na maumivu yasiyopungua baada ya dawa aliyoandikiwa kliniki. Wazazi wafundishwe siku ya kliniki jinsi ya kuipapasa bandama, ili wajue ukubwa wake mtoto akiwa mzima na watambue inapoongezeka.

Kwa wavulana kuna dalili ambayo wazazi wanaona haya kuiandika mbele ya watu: uume kusimama kwa muda mrefu na kwa maumivu. Ni dharura, na muda wa saa nne tangu ianze usipite mtoto akiwa bado nyumbani. Wekeni wazi tangu mwanzo kwamba jambo hili linapelekwa kwa msimamizi mwanamume au muuguzi kwa simu ya faragha, na mama asiulizwe maswali ya ziada.

Sasa kuhusu namna ya kujibu. Ujumbe wa hatari ukiingia, msimamizi wa zamu apige simu badala ya kuandika, na wengine wote wanyamaze kundini mpaka atakaporudi kutoa taarifa. Ushauri wa watu ishirini kwa wakati mmoja humfanya mzazi mwenye hofu aendelee kusoma badala ya kuondoka. Msimamizi aanze hivi: "Mama, nimeuona ujumbe wako, niko nawe. Joto limefika ngapi? Anapumua vizuri? Nani yuko nawe hapo?" Kisha aulizie usafiri na nauli, kwa kuwa mara nyingi mzazi anajua vema kwamba anatakiwa kwenda na kilichomzuia ni shilingi elfu chache. Ni jambo ambalo marafiki wanaweza kulimaliza kwa simu ndani ya dakika chache. Wekeni orodha ya zamu za usiku, na anayeshindwa zamu yake aseme mapema.

Hatua ya tano: Siku za maumivu ya kawaida

Maumivu mengi hayafikii hatari niliyoieleza, na hapa ndipo urafiki wa kundi unapokuwa na nafasi kubwa zaidi. Mzazi akishampa mtoto dawa ya maumivu kama alivyoelekezwa kliniki, akampa maji ya kutosha na kumfunika vizuri, kinachobaki ni kusubiri, na kusubiri peke yako usiku ni kugumu sana. Rafiki aandike maneno machache na aendelee kuwepo. "Pole" ni neno jema, lakini lifuatwe na swali linalojibika: amekunywa maji? Unataka nikupigie tuongee kidogo? Epukeni kusimulia habari za mtoto mwingine aliyezidiwa, na msimwambie mzazi aliyekesha kwamba angekuwa mwangalifu zaidi. Sala za Wakristo na dua za Waislamu zina mahali pake katika kundi letu, maana wazazi wenyewe wanazitaka, ila zisiwekwe badala ya swali kuhusu joto la mtoto.

Msimamizi ajue pia majira ya Dodoma. Usiku wa mwezi Juni na Julai hapa ni wa baridi yenye upepo, na baridi ni miongoni mwa vichochezi vya maumivu pamoja na kukosa maji, uchovu na maambukizi. Ujumbe wa jioni wa kukumbusha sweta na soksi, na uji wa moto wa uwele asubuhi kabla ya shule, unafaa zaidi kuliko makala ndefu. Kuanzia Septemba, joto linapopanda na mvua bado iko mbali, ujumbe ubadilike uwe wa chupa ya maji. Wazazi waandikiane jinsi walivyozungumza na mwalimu ili mtoto aruhusiwe kunywa maji darasani na kwenda chooni kila anapohitaji. Barua ya mzazi mmoja iliyokubaliwa na shule huwasaidia wengine.

Hatua ya sita: Dawa, majani na habari za kupona

Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayetaja kipimo cha dawa kwa mtoto wa mwenzake. Haidroksiyurea hupunguza marudio ya maumivu, lakini kipimo chake hutegemea uzito na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mtoto wa jirani kutumia vidonge viwili si sababu ya wako kutumia viwili. Kinachoruhusiwa, na kinachosaidia sana, ni kukumbushana: asidi ya foliki, penisilini ya kinga kwa walio chini ya miaka mitano, chandarua, chanjo na tarehe ya kliniki.

Mtu akileta habari ya unga wa majani unaoponya, msimamizi aifute kwa upole na amfuate mwenyewe faraghani. Mara nyingi mzazi huyo amechoka na anatafuta tumaini. Akiaibishwa mbele ya wenzake ataendelea kuutumia kimyakimya, pengine akiwa ameacha dawa za hospitali. Muulizeni kama bado anampa mtoto haidroksiyurea, na mwombeni aeleze yote kliniki. Yatakuja pia maswali kuhusu upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwafanyia watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Jibuni kwa ukweli kwamba tiba hiyo ipo hapa Dodoma, kwamba kwa kawaida inahitaji ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa, na kwamba ni madaktari wanaoamua nani anafaa.

Hatua ya saba: Damu na fedha

Tengenezeni orodha ya wanaoweza kuchangia damu: wenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake kila baada ya minne. Fedha zitumwe moja kwa moja kwa familia inayohitaji na zisipite kwenye simu ya msimamizi. Kiasi alichotoa mtu kisitajwe kundini.

Hatua ya nane: Mtoto anapofariki

Itatokea, na wasimamizi wajiandae kabla. Taarifa itolewe na msimamizi mmoja baada ya familia kuruhusu, bila kueleza chanzo cha kifo. Mazungumzo mengine yasimame kwa siku ambazo kundi limekubaliana. Wazazi wengine wataogopa kwa ajili ya watoto wao, kwa hiyo muuguzi awapigie simu wale ambao watoto wao wanaumwa wakati huo.

Msimwondoe mfiwa katika kundi. Kumwondoa kimyakimya, hata kwa nia ya kumpunguzia uchungu, ni kumwambia kwamba urafiki ulikuwa wa mtoto peke yake. Walio karibu wafike msibani, walio mbali wapige simu, na baada ya arobaini msimamizi amuulize mwenyewe angependa nini: abaki, apumzike kwa muda, au aondoke akijua atapokelewa akirudi. Baadhi hubaki na kuwa watu wa zamu walio makini kuliko wote. Akionekana hapati usingizi, hataki kula, au anasema hataki kuishi, hilo limevuka uwezo wa kundi: mwunganisheni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali au huduma ya afya ya akili, na mmoja wenu amsindikize siku ya kwanza.