Jinsi ya kufikisha kero ya mtaa wako hadi Baraza la Madiwani: uzoefu wa Dodoma

Mvua za Dodoma ni za kuhesabu, lakini zikishuka, korongo halina mzaha. La mtaani kwetu lilikuwa likijaa, watoto wanakosa kuvuka kwenda shule. Wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, na nilianza vibaya: nilimvizia diwani msibani, nikamweleza, akanishika mkono akasema "nimelichukua". Likaishia palepale msibani. Nilichojifunza baadaye ndicho hiki.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani

Mjini ngazi ya chini kabisa ni mtaa, kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake mnawachagua wenyewe kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa hachaguliwi, ni mwajiriwa. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi humkimbilia kwanza, ni kiongozi wa chama. Hayumo kwenye muundo huu.

Na hapa Dodoma lazima niseme: mwenyekiti hagawi viwanja. CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu na kugawa viwanja, ilipovunjwa mwaka 2017, kazi zake zilihamia halmashauri. Anayekuuzia kiwanja kwa mhuri wa mtaa tu, mwache na mhuri wake.

Hatua ya 2: Ingiza hoja kwenye muhtasari

Hapa ndipo kazi ilipo. Usisubiri "mengineyo" mwishoni mwa mkutano, watu wameshaanza kukung'uta vumbi la viti. Nenda kwa mtendaji siku kadhaa kabla, mwombe aiweke kwenye ajenda za mkutano mkuu wa mtaa. Yeye ndiye katibu.

Siku ya mkutano sema kitu kinachoandikika. "Barabara zetu mbovu" haiandikiki. Sisi tulisema: "Tunaomba kivuko kwenye korongo, njia ya kwenda shule ya msingi. Mvua ikinyesha watoto hawavuki. Wananchi tutatoa mawe na nguvu kazi." Hilo la mawe ndilo lililowaamsha wazee waliokuwa wakisinzia.

Wakishakubali, omba mtendaji asome alichoandika. Kwetu alikuwa ameandika "changamoto ya miundombinu". Tukamrekebisha hapohapo, kwa heshima, neno kwa neno. Sainini na karatasi ya mahudhurio. Muhtasari wa watu tisa hauna uzito.

Hatua ya 3: Kata

Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Kila mmoja anakuja na korongo lake. Mpe mwenyekiti wenu picha na nakala ya muhtasari, asiende mikono mitupu.

Hatua ya 4: Jiji

Jiji la Dodoma lina kata 41, kwa hiyo diwani wenu ana wenzake wengi wa kugombania nao fedha. Hoja hupita kwanza kwenye kamati za kudumu, kisha Baraza. Meya huchaguliwa na madiwani. Mkurugenzi, anayeendesha shughuli za kila siku, huteuliwa na Rais. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Mimi husema: kikao cha mtaa kiwe kabla ya Desemba. Hoja ya Mei ni ya mwaka kesho.

Hatua ya 5: Hakikisha uko mlango sahihi

Maji ni DUWASA, umeme ni TANESCO. Barabara za mitaani, pamoja na vivuko na madaraja yake, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kwa hiyo korongo letu halikuishia Baraza: kata iliandika barua TARURA, muhtasari ukaambatanishwa.

Barua ikishapokelewa, chukua kumbukumbu namba yake. Yetu niliiandika nyuma ya kalenda ya jikoni, na kila nilipoingia ofisini kuulizia niliitaja mara tu baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo.