Nusu maisha ya mionzi: dadu, si sarafu

Ukifundisha nusu maisha, yaani muda ambao nusu ya atomu zenye mionzi hugeuka, tumia dadu 100 badala ya sarafu, kila dadu ikiwa mfano wa atomu moja. Sarafu, ukiondoa zilizoangukia upande mmoja, hupungua karibu nusu kila mrusho, kwa hiyo mwanafunzi anajua jibu kabla hajachora grafu. Kwa dadu, ondoa kila iliyoonyesha 6, hesabu zilizobaki, rusha tena, hadi mara 12 hivi. Nusu maisha itaangukia karibu na mirusho 3.8. Dadu 20 hazitoshi, mchoro utayumbayumba. Jumlisheni matokeo ya makundi yote.

Zilizoondolewa msizifiche. Zipangeni mezani, safu moja kwa kila mrusho. Wanafunzi wengi hudhani atomu iliyotoa mionzi ya alfa au beta imetoweka, kumbe imegeuka elementi nyingine na bado ipo palepale.