Uhalifu Shuleni na Chuoni Marekani: Unaripoti kwa Nani, na Unaondoka na Nini Mkononi

Simu iliingia saa sita usiku, na kijana wa dada yangu hata katika hali ile hakusahau adabu. "Shikamoo mjomba. Mjomba, nimeibiwa." Chumba chake cha bweni kiliingiliwa mchana akiwa darasani, kompyuta, saa na koti la baridi alilonunua mwezi ule ule, vyote vimekwenda. Nikamuuliza kama ameripoti. Ndiyo, amemwambia yule mwanafunzi mwandamizi anayesimamia ghorofa yao, naye ameandika kila kitu kwenye tableti yake. "Haya, RB namba ngapi?" Akanyamaza. Hakuwa nayo, kwa kuwa hakuna polisi aliyefungua jalada.

Nimeishi Marekani miaka ya kutosha kuona kosa hili likirudiwa na watoto wetu, na wazazi wao pia. Tunamwambia mtu wa shule, anatupa pole, anaandika, nasi tunarudi nyumbani tukiamini serikali imeshajua. Kumbe kila sikio pale lina kazi yake. Lipo la kuhesabu matukio, lipo la kuchunguza, lipo la kutunza siri, lipo la kumhamisha mtu bweni. Ukiongea na sikio lisilo lako, hujakosea chochote, ila kitu ulichokitaka hakitatokea.

Sikio la kuhesabu lina historia yake. Mwaka 1986, Jeanne Clery, binti wa miaka 19 aliyesoma Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini. Muuaji, mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alipita milango iliyopaswa kujifunga yenyewe lakini ilikuwa imezuiliwa kwa maboksi ya piza. Wazazi wake, Howard na Connie, walikuja kugundua kuwa katika miaka mitatu iliyotangulia chuo kilikuwa na makosa 38 ya kutumia nguvu, na hakuna mzazi aliyeambiwa. Walipigania sheria, ikapita mwaka 1990, na leo inaitwa kwa jina la binti yao.

Sheria ya Clery inakibana kila chuo ambacho wanafunzi wake wanapata msaada wa fedha wa serikali kuu, yaani karibu vyote unavyovijua. Kila mwaka, kabla ya Oktoba 1 kwisha, kinatoa ripoti yenye takwimu za uhalifu za miaka mitatu. Chuo chenye polisi au walinzi wake kinatunza daftari la matukio ya kila siku, na matukio ya siku 60 za karibuni yako wazi kwa mtu yeyote anayefika ofisini saa za kazi. Mtu yeyote, hata wewe uliyetoka kazini na sare yako ya hospitali. Hebu fikiria kwenda kituo cha polisi nyumbani ukaomba kupekua kitabu cha OB! Chuoni Marekani ni haki yako, na mimi humshauri kila mzazi alisome daftari hilo kabla ya mtoto kusaini mkataba wa bweni.

Lakini usome kwa akili. Simu iliyoibwa juu ya meza ya maktaba haimo kwenye takwimu za mwaka, kwa sababu wizi wa kawaida hauhesabiwi isipokuwa ulifanywa kwa chuki ya rangi, dini na mfano wa hayo. Kuingiliwa chumbani kunahesabiwa. Fleti ya kupanga iliyo mitaa miwili nje ya chuo, ambamo wanafunzi wetu wengi wanaishi wanne wanne kubana matumizi, kwa kawaida haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo chuo kinachojaza sifuri ripoti nzima mimi hukitilia shaka. Penye maelfu ya vijana, pombe na usiku, sifuri mara nyingi maana yake watu hawasemi.

Tangu Desemba 2024 sheria hiyo imeongezewa kitu ambacho watoto wetu wanapaswa kukijua: ule unyanyasaji wa kuwapokea wanachama wapya kwenye vyama vya wanafunzi na timu, kunyweshwa pombe kwa nguvu, kupigwa, kukesheshwa. Sisi tuliofanyiwa hivyo fomu wani bwenini tukaambiwa ni ukomavu, tunaweza kumwambia kijana avumilie. Asivumilie. Sasa chuo kinatakiwa kuyahesabu matukio hayo na kuvitaja hadharani vyama vilivyopatikana na hatia.

Msimamizi wa ghorofa aliyemsikiliza mpwa wangu ni mmoja wa watu ambao Clery inawalazimu kupeleka taarifa mbele, pamoja na makocha, walezi wa vyama na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Taarifa ikiishia hapo, tukio linaingia kwenye hesabu, basi. Jalada hufunguliwa na polisi.

Penye hatari piga 911, namba ya dharura, bila kujiuliza. Taja kwanza mahali ulipo, jina la jengo na ghorofa, ndipo useme kilichotokea, ili simu ikikatika wajue pa kuja. Kiingereza kikikukimbia kwa hofu, tamka neno "Swahili" tu. Watatafuta mkalimani kwa simu. Hatari ikishapita, nenda kwa polisi wa chuo, na usiwachukulie kama mgambo wa getini. Katika vyuo vikuu vingi ni polisi kamili, wana silaha na wana mamlaka ya kukamata. Vipo vyuo, hasa vidogo, vyenye walinzi tu; huko nenda polisi wa mji, kama vile ungefanya kwa tukio la kwenye fleti ya nje. Usiondoke bila namba ya kesi na jina la askari. Wewe peleka namba za utambulisho za vifaa, risiti, picha. Kama risiti imepotea, taarifa ya benki ya siku uliyonunua inasaidia.

Sasa niseme kuhusu ubakaji na kushikwashikwa, kwa sababu hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuumiza zaidi. Tanzania tumezoea kwamba kwanza unapita polisi kuchukua PF3 ndipo hospitali ikuguse. Kenya kuna P3 yake. Binti aliyekua na mazoea hayo, na anayeogopa polisi, atakaa chumbani siku mbili, ataoga, atafua. Marekani unakwenda hospitali moja kwa moja. Uchunguzi wa kukusanya ushahidi haukulipishi, na sheria hairuhusu wakunyime eti kwa sababu hujaripoti polisi. Unaweza kufanyiwa leo ukaamua kuripoti baadaye. Muda ndio mdogo: mara nyingi ni siku tatu hadi tano, na saa za mwanzo ndizo zenye ushahidi. Asioge kama anaweza kustahimili, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huleta unyevu unaoharibu ushahidi. Dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, hivyo aziulizie palepale. Simu ya msaada ya taifa kwa mambo haya, inayopokewa saa 24, ni 800-656-4673.

Chuoni kuna ofisi nyingine, ya Title IX, iliyotokana na sheria ya mwaka 1972 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Ofisi hii haifungi mtu jela. Inachoweza ni kumtenga mtuhumiwa na mlalamikaji, kubadilisha bweni au ratiba, kusogeza mitihani, na mwisho kumfukuza mtu chuo. Watu wengi hawajui kwamba unaweza kupata ulinzi huo wa kuhamishwa na kuongezewa muda bila kufungua malalamiko rasmi. Ukiyafungua, kwa kanuni zinazotumika sasa, kesi ya chuo kikuu inakwenda hadi kikao ambacho mlalamikaji na mtuhumiwa wote huulizwa maswali kupitia washauri wao. Mshauri si lazima awe wakili. Anaweza kuwa shangazi, ingawa shangazi ajue anakwenda kuhoji, si kulia.

Kabla binti hajamfungulia moyo mwalimu anayempenda, amuulize kwanza: "Nikikuambia, unalazimika kumwambia mtu mwingine?" Vyuo vingi vinawalazimu wahadhiri kupeleka taarifa Title IX. Mshauri nasaha wa kituo cha afya na kasisi au imamu wa chuo kwa kawaida ndio wanaoweza kunyamaza nayo.

Mzazi, nawe kuna jambo la kukukera. Unalipa ada, umechukua zamu mbili, lakini ukipiga simu chuoni kuuliza yaliyompata mwanao utajibiwa kwa upole kwamba hawawezi kuzungumza. Ni sheria ya FERPA ya mwaka 1974: mtoto akifika miaka 18 au akiingia chuo, kumbukumbu za masomo ni zake. Mwambie asaini ridhaa mapema, wiki ile ya kuhamia, msisubiri msiba.

Mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, hubeba hofu ya ziada. Kuripoti uhalifu hakuvunji masharti ya viza. Kinachovunja ni kuacha masomo kimyakimya kwa sababu ya mshtuko. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni na barua ya daktari. Wanaweza kumruhusu apunguze masomo, hata kuyasimamisha, kwa sababu za afya, hadi miezi 12 kwa ngazi moja ya shahada. Ruhusa itangulie, ndipo aache somo. Ipo pia viza ya U kwa wahanga wa makosa makubwa, kama ubakaji, ukatili wa nyumbani na kushambuliwa vibaya, wanaosaidia vyombo vya sheria. Zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka kwa wahanga wenyewe na foleni ni ya miaka, tena chombo cha sheria, mara nyingi polisi au mwendesha mashtaka, lazima kisaini fomu yake. Bila jalada hakuna wa kusaini. Asiye na karatasi za kuishi nchini aongee na wakili wa uhamiaji kwanza, na awe wakili kweli, maana wajuaji wa baa wamewaponza wengi.

Kwa watoto wa shule, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana karatasi, kwa hiyo kulalamika hakumwondolei mwanao kiti chake. Mama mmoja Mkongomani niliwahi kumsindikiza ofisi ya mkuu wa shule. Mwanawe alikuwa akipigwa na kunyang'anywa pesa ya chakula basini. Shule ilikuwa imemweka mtoto huyo huyo, miaka kumi, atafsiri. Unategemea mtoto atafsiri aibu yake mwenyewe? Una haki ya mkalimani, bila malipo. Na sema ni Kiswahili cha wapi: alipoletwa Mtanzania kwa simu, yule mama wa Uvira alitabasamu, akaniuliza kwa sauti ya chini huyu anasoma taarifa ya habari au vipi. Walielewana, ila taratibu.

Baada ya kikao chochote shuleni, andika barua pepe jioni ile ile: leo tumekubaliana hivi na hivi. Kupigwa hadi kuumia, kutishiwa silaha, kunyang'anywa na kushikwa sehemu za siri ni mambo ya polisi pia, hata shule ikiyaita utani wa watoto. Na mlango huo unafunguka pande zote: walimu wanalazimika kisheria kuripoti wakishuku mtoto anaumizwa nyumbani, na alama ya fimbo wataiona.

Nikifikiria yote niliyoyaona, lililoharibu zaidi lilifanywa kwa nia njema. Kijana wetu mmoja alituhumiwa. Jumuiya ikakutana, wazee wawili wakafunga safari kwenda kwa familia ya binti kuomba radhi, kama tulivyolelewa. Wapelelezi wakaiona safari ile kama vitisho kwa shahidi, na yale maneno ya "tunaomba mumsamehe" yakaonekana kama kukiri kosa. Mwanao akituhumiwa, asimtumie mlalamikaji hata salamu, na wazee wabaki nyumbani mpaka wakili aseme. Kadhalika mwanao akiwa mlalamikaji: mwenyekiti wa jumuiya asimpigie kumwomba aifute kesi "tumalizane wenyewe". Nimeshakosana na watu kwa kusema hivi, na bado nasema.

Mpwa wangu alikwenda polisi wa chuo asubuhi yake. Ilimchukua dakika arobaini, akatoka na karatasi yenye namba. Kompyuta haijaonekana mpaka leo. Ila kwa namba ile bima ya mpangaji, aliyokuwa akiilalamikia kila mwezi, ilimlipa, baada ya kukata dola 250 za mwanzo ambazo mkataba ulisema ni juu yake. Koti alinunua la mtumba.