Kushuhudia watu wakipita juu ya makaa San Pedro Manrique

Anayetaka kuona watu wakitembea peku juu ya makaa katika mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji aende San Pedro Manrique, kijiji kidogo cha mkoa wa Soria nchini Hispania, na ahakikishe amefika tarehe 23 Juni kabla jua halijazama. Shughuli yenyewe huanza saa sita usiku, lakini ngazi za kukalia watazamaji, zilizo kando ya kanisa dogo la Virgen de la Peña, hujaa mapema, na mchelewaji huambulia migongo ya wenzake. Kuwahi kuna faida nyingine, kwani utaona rundo kubwa la kuni za mwaloni likiteketea kwa saa kadhaa, kisha wanaume wenye miti mirefu wakiyapiga na kuyasambaza makaa hadi yawe zulia jekundu la mita chache. Wapitaji wengi hubeba mtu mgongoni, nao hukanyaga kwa unyayo mzima, kwa nguvu, bila kukimbia. Usithubutu kuwaiga: kwa desturi kazi hiyo ni ya wenyeji, na inaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Beba koti, kwa maana kijiji kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na usiku huwa na baridi hata majira ya joto. Vyumba ni vichache, hivyo tafuta malazi mapema, ikibidi mjini Soria. Usiondoke alfajiri, kwa sababu tarehe 24 Móndidas, wasichana watatu waliovaa mavazi meupe, hupita mitaani wakiwa na vikapu vilivyopambwa kichwani.