Kiota cha njiwa darini usikifagie kikavu
Wenye njiwa chini ya bati, kabla hujamwambia dogo apande akatoe kiota, mwambie kwanza akilowanishe kwa maji ya sabuni, avae barakoa na glavu, maana kinyesi kikavu kikitimka vumbi lake linaweza kubeba bakteria wanaoingia hadi kwenye mapafu.

Halafu kuna kupe. Wale laini wa ndege mchana huwaoni, wanajibana kwenye nyufa za mbao na ukuta, usiku ndo wanatoka kunyonya, na ndege akihama wao wanabaki, wanaweza kukaa miezi na miezi bila kula chochote!! Kwenye banda la kuku ndo balaa, wanasambaza bakteria, kuku wanapukutika. Ziba hizo nyufa kwa saruji.

Na ukikuta kupe kamng'ang'ania mtoto, mambo ya mafuta ya taa na kiberiti achana nayo, mbane na kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupinda, osha kwa sabuni. Siku zinazofuata akipata homa na kipimo cha malaria kikasoma negativu mtajie daktari habari ya kupe, usipomtajia anaweza asiwaze kabisa, si unajua Dar kila homa ni malaria.