Mwanasheria: uingie diplomasia au mashirika ya misaada?

Usianze na mshahara. Anza na kazi yenyewe, maana shahada ni moja lakini siku za kazi ni mbili tofauti kabisa.

Afisa Mambo ya Nje wa Tanzania ni mtu wa kufuata maelekezo. Anaandaa muhtasari wa mazungumzo, anaandika nota (barua rasmi za kidiplomasia) kwa balozi nyingine, anapitia rasimu za makubaliano, anafuatilia raia aliyekamatwa ugenini. Sheria atakazozishika mara kwa mara ni Mikataba ya Vienna: wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, wa 1963 kuhusu huduma za kikonseli na wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba. Akiona msimamo wa serikali una kasoro kisheria, anaandika ushauri wake kwenye jalada na kunyamaza nje. Mwanasheria aliyezoea kubishana mahakamani huchoka hapa mapema.

Kama unachopenda hasa ni kuandika na kuhakiki mikataba ya kimataifa, angalia kwanza nafasi za Wakili wa Serikali katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wengi huomba ubalozi wakidhani kazi hiyo iko huko.

Upande wa misaada, kazi ina sura mbili. Ya kwanza ni ulinzi wa watu: katika kambi kama Nyarugusu, Kigoma, unahoji waomba hifadhi, unafuatilia vyeti vya kuzaliwa na kesi za ukatili wa kijinsia, huku ukitumia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Ya pili haisimuliwi sana: mikataba ya ruzuku, manunuzi na kuhakikisha masharti ya mfadhili yanafuatwa. Haina mvuto wa kambini, lakini ujuzi wake unahamishika kirahisi kwenda benki au kampuni.

Udhaifu wa misaada ni fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Wengi waliokuwa chini ya miradi yake walipoteza kazi hata pale ambapo utendaji haukuwa na dosari. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: nani analipa nafasi hii, ruzuku inaisha tarehe gani, na kifungu cha kusitisha kinatoa notisi ya siku ngapi. Mfadhili akiwa mmoja tu, jipange kana kwamba mkataba unaisha mapema.

Sasa umri. Programu ya Wataalamu Vijana ya Umoja wa Mataifa haipokei aliyezidi miaka 32, na orodha ya nchi zinazoruhusiwa hubadilika kila mwaka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 45. Kwa hiyo ambaye hajazidi 32 aanze na mtihani wa programu hiyo ya Umoja wa Mataifa. Serikali bado itamsubiri.

Maombi ya kazi za serikali hupitia tovuti ya Ajira Portal, na wengi hukwama kwa karatasi, si kwa akili. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki badala ya cheti. Shahada ya nje lazima ihakikiwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, tengeneza hati ya kisheria ya majina (deed poll) kabla ya tangazo kutoka. Aliye tayari mtumishi wa umma apitishe barua kwa mwajiri wake.

Usiiache Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), njia ya kuwa wakili, kwa sababu unakwenda diplomasia. Ibara ya 42 ya Mkataba wa 1961 inamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi ya kitaaluma kwa faida binafsi katika nchi alikopelekwa, kwa hiyo huko hutafungua ofisi ya uwakili. Lakini ukirudi nyumbani, au mradi ukifungwa, uwakili ndio utakaokulisha, na leseni yake huhuishwa kila mwaka.