Ufaransa bila gari: chagua mkoa kwa reli, si kwa jina la mvinyo

Kila ikikaribia Juni naulizwa swali lilelile: "Tuko Paris siku tano, tunataka kuona mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo, gari hatuna. Twende wapi?" Leo naandika mara moja, mwenye swali aniulize chini.

Kwanza, kukosa gari si hasara. Dereva Ufaransa anaruhusiwa mwisho gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, mwenye leseni mpya 0.2. Kwa hiyo kundi lenye gari lina mmoja wao anayekunywa maji siku nzima huku amenuna. Wa treni tunaonja wote.

Hatua ya 1: Fungua ramani ya reli kabla ya kuwaza chupa. Jiulize: nikishuka kituoni, natembea kiasi gani hadi kwenye glasi? Hapo ndipo majina makubwa yanapoporomoka. Bordeaux unafika kwa TGV, treni ya kasi, kutoka kituo cha Montparnasse cha Paris kwa saa mbili na dakika chache, lakini majumba ya mvinyo ya Médoc, eneo lake maarufu, yametawanyika mbalimbali na mengi hayafungui bila miadi. Ukiipenda Bordeaux, panda treni ya mkoa hadi Saint-Émilion, kama nusu saa hivi, kisha tembea ukipita katikati ya mizabibu hadi mji wenyewe wa mawe. Bonde la Loire nalo ni zuri kwa majumba ya wafalme (Chenonceau ina kituo karibu na lango lake), ila mvinyo pale mimi nauhesabu kama nyongeza.

Hatua ya 2: Hesabu siku. Una siku moja tu? Nenda Champagne. Kituo cha Gare de l'Est cha Paris hadi Reims ni dakika 45. Angalia tiketi iandikwe Reims, kwa sababu Champagne-Ardenne TGV ni kituo kingine nje ya mji. Asubuhi uone kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa, halafu ushuke kwenye mahandaki ya chokaa yanayohifadhi chupa. Ziara za kampuni kubwa uziwekee nafasi mapema. Au nenda Épernay, ambako kampuni hizo zimejipanga kwenye mtaa mmoja, Avenue de Champagne, mwendo mfupi kutoka kituoni.

Siku mbili, Beaune, mkoa wa Burgundy. Unapitia Dijon, kisha treni ya mkoa kama dakika 20. Hospitali ya zamani ya mji, yenye paa la vigae vya rangi, ilianzishwa 1443 na Nicolas Rolin, na taasisi yake mpaka leo ina mashamba ya mizabibu. Mvinyo wake hupigwa mnada Jumapili ya tatu ya Novemba. Wikiendi hiyo usitegemee kupata chumba. Kodi baiskeli: njia ya mashambani inakupitisha Pommard, Volnay na Meursault bila kugusa barabara kuu.

Lakini mwenye siku tatu simwachi aende kwingine zaidi ya Alsace. Strasbourg ni chini ya saa mbili kutoka Paris, Colmar nusu saa zaidi. Obernai, Barr na Dambach-la-Ville zina vituo vyake vya treni, na Eguisheim unafika kwa baiskeli kutoka Colmar, kilomita saba hivi. Wakulima wadogo wana vyumba vya kuonjea humohumo vijijini. Na kwa mgeni wa mvinyo, Alsace ina huruma: chupa nyingi zinaandikwa jina la zabibu, Riesling au Gewurztraminer, kwa hiyo unajua unakunywa nini. Burgundy wanakuandikia jina la kijiji, ujijue mwenyewe.

Hatua ya 3: Lala kwenye mji wenye kituo. Kijiji kizuri kisicho na treni kione mchana, ulale Colmar.

Hatua ya 4: Ogopa Jumapili. Mabasi ya vijijini hupungua sana. Mwaka wangu wa kwanza nililisubiri basi la jioni ambalo siku hiyo halikuwepo kabisa kwenye ratiba, nikarudi Colmar kwa miguu na chupa tatu mgongoni. Saa sita hadi saa nane mchana nako wengi hufunga wakale.

Tiketi: TGV nunua mapema, bei hupanda. Za treni za mkoa hazina haraka.

MASWALI

Mama Nasra, Mombasa: Mume wangu anaonja, mimi sinywi. Nitakaa kumtazama tu?

Hapana, dada. Uliza "jus de raisin", juisi ya zabibu. Wakulima kadhaa wanayo. Pale Colmar kuna jumba la makumbusho la Unterlinden lenye michoro ya madhabahu ya Isenheim. Mwache mzee na glasi zake. Ila uangalie chakula: choucroute, kabichi iliyochachushwa, hujaa nyama ya nguruwe, na ile mikate myembamba ya flammekueche huwekwa vipande vyake juu. Sema "sans lardons", au agiza samaki.

Mkulima wa Dodoma: Huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huko nije lini nione mavuno?

Shikamoo mzee. Kule ni mara moja tu, baridi inailaza mizabibu. Lenga Septemba, ingawa Champagne siku hizi mavuno yanaweza kuanza Agosti. Champagne huvuna kwa mkono kwa sheria, kwa hiyo utawakuta watu shambani. Ukija Januari utakuta vijiti vitupu na watu wakipogoa.

Kaka wa Lubumbashi, yuko Brussels: Nikionja sehemu sita kwa siku si nitalewa? Na chupa nasafirishaje?

Kaka, kuna ndoo ya kutemea mezani. Kutema si dharau, wenyeji wenyewe wanatema. Sita nyingi, mbili asubuhi na mbili jioni zinatosha. Kwenye treni beba chupa zako bila wasiwasi; kwenye ndege ziende kwenye sanduku la kupakiwa chini, kila moja ndani ya soksi nene.